Okei ya Fundi

Ipo okei ya mke wangu na ipo okei ya fundi bomba. Mtu wa Dar es Salaam akishindwa kuzitofautisha, ya kwanza itamlaza njaa na ya pili itamlaza kwenye maji. Ya mke inazidi makali kadiri inavyofupishwa. Akiivuta "okeeei" huku sauti ikipanda, kaa, maongezi yanaendelea. Akisema "oke" kavu, bila kuinua macho kwenye ungo wa mchele, jua kesi imefungwa na hukumu itasomwa baadaye, mbele ya ndugu zako.

Ile ya fundi ndiyo iliyonigharimu. Koki ya jikoni ilikuwa inavuja, nikamwandikia: "Fundi, njoo kesho saa mbili asubuhi, usikose, naomba ruhusa kazini kwa ajili yako." Akajibu "Ok". Nikaomba ruhusa. Saa mbili ikapita, saa nne ikapita, adhuhuri ikaadhiniwa, nikapiga simu.

"Ah, bosi! Ujumbe wako niliupata. Si nilikujibu?"

"Ulijibu. Mbona hukuja?"

"Bosi, nilisema ok. Sikusema nakuja."

Nikabaki na simu sikioni, maji yakidondoka kwenye ndoo nyuma yangu, nikiyapekua maneno yake nipate pa kumkamatia. Hapakuwa na pa kumkamatia. Basi nikaona bora nimtafute aliyelileta neno hili duniani, nimshtaki yeye.

Mshtakiwa nilimpata Boston, Marekani, ila alikwishafariki zamani. Miaka ya 1830 wahariri wa magazeti ya mji ule walikuwa na mchezo wao: kufupisha maneno kwa herufi za mwanzo, tena baada ya kuyakosea tahajia makusudi. "All right" waliiandika O.W., kana kwamba ni "oll wright". Basi tarehe 23 Machi 1839 gazeti la Boston Morning Post, chini ya mhariri Charles Gordon Greene, likachapa "o.k.", na hapohapo likaeleza kwamba ni "all correct", yaani yote sahihi. Ni kama mhariri wetu aandike Z.Q. akimaanisha "sawa kabisa", halafu acheke peke yake. Angalia ujasiri wa Greene: neno la kwanza linaanza na A, la pili linaanza na C, na katika kutangaza kwamba kila kitu ni sahihi hakupatia hata herufi moja.

Vifupisho vingine vya mchezo ule vilikufa haraka, kama ilivyo kawaida ya misimu ya mjini. Hiki kiliokolewa na uchaguzi. Mwaka 1840 Rais Martin Van Buren aligombea tena. Alikuwa mzaliwa wa Kinderhook, katika jimbo la New York, na mashabiki wake wakamwita "Old Kinderhook", Mzee wa Kinderhook. Herufi zikagongana vizuri, wakaanzisha vilabu vya O.K. vya kumpigia debe. Wapinzani nao hawakulala. Wakavumisha kwamba rais aliyemtangulia, Andrew Jackson, hakujua kuandika, na kwamba akiridhika na waraka aliuandika O.K. akiamini ndivyo "all correct" inavyoanza. Uvumi wa kampeni, lakini mtamu, na utamu hausubiri ushahidi. Kura zilipohesabiwa William Henry Harrison ndiye aliyeshinda. Mzee wa Kinderhook akaanguka, neno likapita bila kupingwa.

Baadaye likaingia kwenye telegrafu, na hapo ndipo nilipoanza kumwogopa fundi wangu. Waendesha mitambo walihitaji kitu kifupi cha kujibu ujumbe unapofika, wakachukua OK. Yule mtu wa telegrafu hakuwa ameahidi lolote. Hakukubaliana na ujumbe, hakuupinga, wala pengine hakujali umesema nini. Alichosema ni kwamba umefika. Sasa rudi kwenye maneno ya fundi: ujumbe wako niliupata, si nilikujibu? Mimi niliyejigamba kwamba nimesoma ndiye niliyekuwa nikilitumia neno kihuni. Yeye, na spana yake mfukoni, analitumia kama lilivyotumika kwenye telegrafu za stesheni za reli karne ya kumi na tisa.

Neno likifanikiwa, jamaa huwa wengi. Wagiriki wana "ola kala" yao, yote ni mazuri. Waskoti wana lao. Wapo waliosema limetoka kwa Wawolofu wa Afrika Magharibi, waliosafirishwa utumwani pamoja na lugha yao, na dai hilo peke yake ndilo ninalotamani lingekuwa la kweli. Rais Woodrow Wilson aliamini ni neno la Wachoktaw, wenyeji wa asili wa Marekani, na kwa imani hiyo akawa anaidhinisha nyaraka kwa kuandika "okeh". Mtaalamu wa lugha Allen Walker Read, wa Chuo Kikuu cha Columbia, ndiye aliyeyafukua magazeti ya zamani na kuonyesha mwanzo wa Boston katika makala alizotoa mwaka 1963 na 1964. Sijui kwa nini watu hawakufurahi. Pengine ni aibu kugundua kwamba dunia nzima inakubaliana kwa mzaha wa mhariri mmoja.

Na sisi je, tulipungukiwa nini? Tuna sawa, tuna haya, tuna ndiyo, tuna barabara, na vijana wana poa na freshi. Jawabu langu ni kwamba yote hayo yana gharama. Ndiyo inakufunga. Inshallah umekwishamshirikisha Mwenyezi Mungu, na Yeye hasahau. Okei haina shahidi wala mdhamini.

Okei ninayoiheshimu ni moja, nayo haikusemwa duniani. Tarehe 20 Julai 1969 chombo cha Apollo 11 kilipogusa mwezi, Buzz Aldrin alitamka okei katika maneno ya mwanzo kabisa kusikika kutoka kule, na palepale injini ikawa imezimwa kweli. Nimetafuta mfano wa pili wa okei iliyofuatwa na kazi, huku Tabata sijauona.

Tena siku hizi inabonyezwa. Kampuni ya Apple ilipokuwa ikitengeneza kompyuta yake ya Lisa, iliyotoka mwaka 1983, kitufe cha kukubali kiliandikwa "Do It", yaani fanya. Mtu mmoja aliyeletwa kuijaribu akakasirika: kwa nini mashine inanitukana? Ile I kubwa aliiona ni l ndogo, akasoma "dolt", yaani mpumbavu. Wakakibadilisha kikawa OK, na balaa likahamia Tanga kwa mama yangu. Salio lake la simu likawa linayeyuka kila alfajiri. Nilipoikagua simu nikakuta amejiunga na huduma ya kutumiwa utabiri wa nyota na matokeo ya ligi ya Hispania.

"Mama, nani alikubali haya?"

"Mwanangu, ilikuwa inauliza okei. Nami siku hiyo nilikuwa okei."

Mpwa wangu aliyeko chuoni Dodoma ndiye aliyelifikisha neno mwisho wa reli. Ukimwandikia ukurasa mzima wa nasaha kuhusu masomo, pombe na marafiki, anajibu "k". Katika herufi mbili, zote zilizokosewa, ameitupa moja na kuitunza nyingine. Nikakasirika, nikaapa kwamba mimi na okei basi, kuanzia leo nitajibu watu kwa Kiswahili chetu chenye maana inayoeleweka. Jioni ileile akaomba hela ya chumba. Nikamwandikia: "Haya."

Simu ikaita papo hapo.

"Shikamoo mjomba. Samahani, hiyo haya ni ya unatuma, ni ya umesikia, au unamaanisha mimi sina haya?"