Mchawi wa Betri

Hongera, ndugu yangu, kwa kununua kompyuta mpakato yenye mpangilio wa kuokoa chaji, kisha ukaapa kutougusa. Mwanga wa kioo, mlaji mkubwa wa umeme, umeupandisha hadi mwisho, kana kwamba unaanikia dagaa. Bluetooth umeiwasha, imuunganishe nani? Usiku mashine inalala kwenye chaja, asilimia 100, juu ya godoro, ipate na joto. Betri ya lithiamu huzeeshwa na hayo mawili: joto na kujazwa pomoni saa zote. Kompyuta nyingi zina mpangilio wa kukomea chaji kwenye asilimia 80, lakini wewe na mipangilio hamsalimiani. Betri ikikata roho, mchawi ni muuza duka. Mwache mwenzio atafute riziki. Punguza mwanga kwanza.