Mbuzi Aliyekula Ukurasa wa Pili

Ni Jumapili usiku katika shule moja ya msingi, komini ya Mangobo, Kisangani. Mvua imekatika. Umeme umekatika pia, lakini hilo mjini kwetu si habari. Chini ya mwembe ananing'inia Kengele, ambaye kusema kweli ni rimu ya lori iliyofungwa kwa waya. Barazani ameegeshwa Toleka, baiskeli ya mwalimu wa darasa la tano, ambayo nyuma ina kiti cha sponji cha abiria. Ubao anachungulia kupitia dirisha lisilo na kioo. Mbuzi amesimama mlangoni pa ofisi ya direkta, na kwenye mdomo wake kuna kipande cha karatasi chenye muhuri wa bluu.

KENGELE: Mama Mbuzi, unatafuna nini?

MBUZI: Barua ya sendika, Papa Kengele. Wameibandika jioni kwa gundi ya fufu. Mngenifanyia haki gani, fufu ikae mlangoni nami nipite?

UBAO: Umekula tangazo la walimu!

MBUZI: Ukurasa wa pili tu. Wa kwanza upo palepale. Niliuonja, nikaona ni salamu tupu.

TOLEKA: Mzee Ubao, wewe unajua kusoma. Hebu tusomee huo wa kwanza.

UBAO (anakaza macho gizani): Kifaransa kitupu. Mistari kumi na minne ya kuwasalimu wakubwa, kila mmoja na cheo chake, kuanzia wa juu kabisa. Halafu inasema hivi: kamati inawajulisha walimu wote, wanawake na wanaume, kwamba mazungumzo yanaendelea katika hali nzuri, na kwamba maamuzi yote yanayowahusu yameandikwa kwa ukamilifu kwenye ukurasa wa pili.

(Kimya. Wote wanamgeukia Mbuzi.)

MBUZI: Msinitazame hivyo. Mimi nimekula, sikusoma.

KENGELE: Kesho saa moja na nusu direkta atakuja na kile chuma chake. Mapigo matatu ni darasa, mapigo matano ni mkutano. Sasa mimi nilie vipi?

TOLEKA: Jana nilimbeba delege wa sendika kutoka Makiso. Njia nzima alikuwa kwenye simu. Mara tatu nilimsikia akisema, "Hilo ni siri ya mazungumzo." Tulipofika njia panda akashuka, akamnong'oneza muuza kadafi.

UBAO: Kumbe muuza petroli wa chupa anajua siri ya walimu!

TOLEKA: Muuza kadafi yule ndiye mwalimu wetu wa darasa la tatu.

KENGELE: Basi mwalimu mmoja angalau ana habari.

TOLEKA: Hana. Alinong'onezwa kama muuza kadafi. Aliambiwa mafuta yatapanda bei.

MBUZI: Na delege alikulipa nauli?

TOLEKA: Alisema yeye ni wa kazi ya walimu, na mimi ni baiskeli ya mwalimu.

UBAO: Mnamwonea delege bure. Adui yetu ni mto. Mikataba yote inasainiwa Kinshasa, na kutoka hapa mpaka Kinshasa kwa maji ni kama kilomita 1,700. Mto unateremka kwenda kule. Michango ya wanachama inateremka nao, haina taabu, inaelea. Habari ndiyo inayotakiwa kupanda.

KENGELE: Nakumbuka ile ya Mbudi. Februari 2004. Serikali na sendika za watumishi wa umma walikaa Mbudi, kule Kinshasa, wakaweka sahihi kwamba tarishi, yule wa ngazi ya chini kabisa, apate dola 208 kwa mwezi. Direkta wa wakati ule alinipiga mpaka waya ukakatika.

UBAO: Na mwalimu wa darasa la sita akaja kwangu na chaki. Kama tarishi anapata 208, mwenye diploma atapata ngapi? Akapiga hesabu, ikajaa kutoka pembe hadi pembe. Hesabu yenyewe ilikuwa sahihi kabisa, hata mkaguzi alikiri. Hakuna aliyethubutu kuifuta. Watoto walisoma wiki nzima kwa mdomo ili ile hesabu ibaki. Mwishowe ilifutwa na mvua, maana bati lilikuwa limetoboka.

MBUZI: Mbudi aliila bibi yangu. Alitusimulia kwamba ulimini ilikuwa tamu, ila ilikwama kooni, na hakuwahi kuicheua. Mimi nimekula ya Bibwa, mkataba wa walimu.

TOLEKA: Hata mimi Bibwa naijua. Mwaka wa 2021 masomo yalifunguliwa tarehe 4 Oktoba, na walimu wengi wa shule za Kikatoliki wakakataa kuingia, sendika yao, SYNECAT, ikiwa mbele. Zaidi ya mwezi mzima. Mwalimu wangu alinikanyaga kila siku, Mangobo, Makiso, Kabondo, mpaka mnyororo ukalegea. Tulibeba watu, magunia ya makaa, hata jeneza la mtoto mara moja. Jioni anapanguswa jasho na mkewe, anauliza, "Redio imesema nini?" Hakuuliza sendika imesema nini.

KENGELE: Mgomo ule ulizaliwa na jambo jema. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, mshahara wa serikali ulipokufa, wazazi ndio waliokuwa wakimlisha mwalimu kwa ile primu yao. Septemba 2019 wakatangaziwa kwamba shule ya msingi ni bure, kama kifungu cha 43 cha Katiba kilivyosema tangu 2006.

UBAO: Miaka 13! Kifungu hicho nacho kilipanda mto kwa mtumbwi wa kasia.

KENGELE: Primu ya wazazi ikakatwa siku moja, ya serikali ikaanza kuja kwa mafungu. Watoto wakajaa.

UBAO: Wamejaa mpaka wanakaa chini ya kidevu changu. Vumbi la chaki likidondoka linamwangukia mtu.

MBUZI: Ndipo wakubwa wakaenda Bibwa, wakasaini. Na Septemba 2024, shule zilipofunguliwa, walimu wa mikoa kadhaa wakagoma tena, wakidai yale yale ya Bibwa yatekelezwe na mshahara ufike dola 500. Mimi karatasi za miaka hiyo yote zimepita tumboni mwangu. Nawaambia ladha ni moja. Kinachobadilika ni muhuri.

(Hapa ningependa kumtetea Mbuzi. Katika kikao hiki ndiye peke yake aliyeyachukulia maneno ya wakubwa kama chakula.)

TOLEKA: Kwa hiyo ukurasa wa pili ulikuwa na nini? Onja vizuri, Mama. Mna jina la mwalimu wa darasa la pili? Maskini yule ni NU.

MBUZI: NU ndiyo nini?

UBAO: Nouvelle unité. Mwalimu mpya ambaye hajaingizwa kwenye mashine ya malipo. Anafundisha, anasahihisha, anasimama jua likimpiga wakati wa bendera, lakini kwenye listingi hayumo.

MBUZI: Basi ni kama mimi. Niko shuleni kila siku na sihesabiwi.

UBAO: Wewe una nafuu, unalishwa na milango. Yeye alipoanza, ofisi ya malipo iliitwa SECOPE. Amefundisha mpaka ofisi ikabadilisha jina ikawa DINACOPE. Yeye bado anaitwa mpya.

KENGELE: Lakini haki wanazo. Wewe Ubao si uliwahi kuandikwa Katiba mgongoni?

UBAO: Niliandikwa. Somo la uraia, darasa la sita. Mwalimu aliandika kifungu cha 38, uhuru wa kuwa na sendika, akaweka mstari chini. Akaanza kifungu cha 39, haki ya kugoma. Akasikia viatu vya direkta barazani. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko nilivyomdhania: akafuta maneno, akaiacha namba, akaongeza alama za hesabu. Watoto wa mwaka ule ukiwauliza leo 39 ni nini, watakujibu kwa sauti moja, "Kumi na tatu mara tatu!"

TOLEKA: Na kumbe ni katika mji huu huu...

KENGELE: Usianze tena na Lumumba, mdogo wangu.

TOLEKA: Naanza! Mji ulipoitwa Stanleyville, miaka ya 1950, karani yule wa posta aliongoza chama cha wafanyakazi wa posta, kile cha APIPO, na gazeti lao, L'Écho postal, alilihariri mwenyewe. Gazeti la wanachama! Chini ya Wabelgiji!

MBUZI: Karatasi yake ilikuwa ya namna gani?

UBAO: Wewe fikiria tumbo. Mimi nafikiria kwamba watu waliobeba barua za mji mzima walikumbuka kujiandikia ya kwao.

MBUZI (anaweka chini kile kipande, kwa mara ya kwanza amekasirika): Sasa nisikilizeni, maana mnanifanya mwizi. Tangazo limebandikwa lini? Jumapili, saa kumi na mbili jioni, walimu wakiwa makwao. Limebandikwa wapi? Kwenye mlango wa direkta, ambako mwalimu akionekana anasoma ataulizwa anatafuta nini. Kwa kimo gani? Kimo cha mbuzi! Mwenye kutaka lisomwe angeshindwa kunyoosha mkono? Juu pale pana nafasi tele. Kesho kamati ikiulizwa itasema, "Tulibandika." Walimu watasema, "Hatukuona." Katikati hapo nimewekwa mimi. Mimi ni ajira yao, ila nami silipwi.

TOLEKA: Maneno makali, Mama. Lakini walimu nao, tuseme ukweli. Mwalimu wangu alishapewa karatasi mkononi, kurasa nne, akaikunja mara mbili akanifutia mafuta ya mnyororo. Swali lake ni moja tu: "Tunaingia au hatuingii?"

KENGELE: Na mchango?

TOLEKA: Analalamika kwamba sendika imekula mchango wake. Mimi ndimi ninayempeleka kila mahali, na sijawahi kumpeleka kuutoa.

(Jogoo wa jirani anawika. Kwa mbali inasikika pikipiki, na Toleka anajikunyata, kama anavyofanya kila zinapopita. Mwalimu wa darasa la pili anafika wa kwanza, kama kawaida ya wasiolipwa. Anasoma ukurasa wa kwanza taratibu, kidole kwenye kila mstari. Anatafuta wa pili. Anamwona Mbuzi. Anainama, anaokota kile kipande chenye muhuri, anakipangusa kwenye suruali, anakitia mfukoni kwa uangalifu.)

UBAO (kwa sauti ya chini): Kimebaki na neno lolote?

MBUZI: Tarehe.

(Saa moja na nusu. Direkta anatoka na chuma. Anapiga mara moja, mbili, tatu. Anasimama. Anatazama mlango wake, anatazama nusu ya walimu walioko uani, anaonekana kukumbuka kitu au kuogopa kitu. Anapiga la nne. Kisha anaingia ofisini na kufunga mlango.)

KENGELE: Nne!

(Walimu watatu wanaingia madarasani. Wengine wanajikusanya chini ya mwembe na kuulizana nani amemwona delege. Watoto wanashangilia, ingawa hawajui wanashangilia nini. Mwalimu wa darasa la tano anahesabu tena kwa vidole, anamtoa Toleka barazani, anaipangusa sponji vumbi kwa kiganja, na kuelekea barabarani kabla abiria wa Makiso hawajachukuliwa wote na pikipiki.)