Namna ya Kulima Nyasi Ndani ya Kioo Ukiwa Morogoro

Kazi inaanza kwa kutoa zile nyasi za plastiki zilizomo kwenye tangi lako la samaki. Zitoe leo, wala usizionee huruma kwa sababu ulizilipia. Haziwapi samaki hewa, hazinyonyi uchafu wao, hazikui, na kitu pekee zinachokifuga vizuri ni mwani. Mtu anayeishi chini ya Milima ya Uluguru, ambako kila bonde lina kijito na kila kijito kina majani ukingoni, halafu akanunua kijani cha kiwandani kutoka ng'ambo, anastahili kuchekwa kidogo, kwa upendo, kisha afundishwe.

Somo la kwanza ni kutambua. Wengi hukwama hapa, maana jicho likiona kitu chembamba, kirefu na cha kijani, hutangaza kwamba ni nyasi na kazi ikaishia hapo. Achana na jicho, tumia vidole. Simama kando ya mfereji wowote mjini, au kwenye majaruba ya mpunga kule Dakawa, ushike shina kati ya kidole gumba na cha shahada, ulibingirishe. Likigoma kuviringika na ukahisi pembe tatu, umeshika mmoja wa ukoo wa ndago, ukoo uleule wa mafunjo. Mkulima hahitaji kutambulishwa kwa ndago: unaing'oa, viazi vyake vidogo vinabaki ardhini, na kabla hujasahau imerudi. Shina likiviringika, likawa na mafundo na mara nyingi uwazi ndani, hiyo ndiyo nyasi halisi: ukoka, matete, mpunga wenyewe. Na ukikuta shina jembamba la mviringo lisilo na fundo wala jani, lenye kishada kidogo cha kahawia nchani, hiyo ni Eleocharis. Kila unachokidhani ni jani lake ni shina. Nayo, pamoja na ulaini wake wote, ni ya ukoo wa ndago.

Vidole hivi vitakuokolea fedha. Nyasi halisi karibu zote zinataka majani yake yawe hewani. Mpunga unakubali kusimama majini, lakini kichwa kiwe nje. Ukoka ukiuzamisha wote utaoza na kuyachafua maji. Kuna pia majani ya bustanini ya kijani kizito, yale yanayopandwa pembezoni mwa vijia, Ophiopogon japonicus kwa jina la kitaalamu, ambayo katika biashara ya mimea ya majini huuzwa kama nyasi za tangi. Hayafi upesi, na hapo ndipo ubaya wake ulipo: yanakaa miezi yakiwa yamesimama wima, yakioza kuanzia mizizini, huku mwenye tangi akiongeza mbolea na kulaumu taa. Ukiuziwa mche mgumu, wenye majani makavu ya kung'aa yanayosimama yenyewe nje ya maji, upande uani. Mche wa majini ukitolewa majini hulala chini papo hapo, kwa sababu haujawahi kuhitaji mgongo.

Mche wa kuutafuta ni Vallisneria. Linnaeus aliuandika kwa jina hilo mwaka 1753, jina linalomkumbuka tabibu wa Italia Antonio Vallisneri, lakini hapa nchini unaota wenyewe katika Ziwa Tanganyika. Majani yake ni kama utepe, yote yanatoka kwenye kitako kimoja bila shina. Yainue mbele ya mwanga utaona mistari iliyonyooka toka chini hadi juu. Pitisha ukucha ukingoni karibu na ncha, utahisi vijimeno vidogo. Binamu yake wa Amerika, Sagittaria subulata, hufanana naye sana, ila ukingo wake ni laini.

Niruhusu nikae kidogo kwenye ndoa ya mmea huu, kwa sababu siujui mwingine wa namna yake katika matangi yetu. Mche dume na mche jike ni mbalimbali. Jike hupandisha ua lake hadi juu ya maji kwa bua jembamba refu. Dume hutoa vitumba vya maua vidogo mno chini kabisa, ambavyo hujikata, hupanda juu kama mapovu, hufunguka na kuelea hadi vigote ua la jike. Kisha lile bua hujikunja na kulivuta tunda chini. Tangini hutayaona hayo mara nyingi, kwa sababu miche yako yote huenda ni watoto wa mama mmoja: huzaana kwa kutambaza mkono mchangani na kuotesha mche mpya mbele. Usiukate mkono huo mapema. Subiri mtoto awe na majani na mizizi yake.

Ila mche wa Tanganyika hauyapendi maji ya Uluguru bila msaada. Maji ya ziwa lile ni mazito kwa chumvi za madini, na kipimo chake cha pH kinakaribia 9. Vijito vyetu vinateremka juu ya miamba migumu ya kale na hubeba chokaa kidogo. Vallisneria inajua kuchota kaboni kutoka kwenye chumvi hizo, na zisipokuwepo hudumaa. Tia konzi ya makome ya pwani yaliyopondwa chini ya mchanga, basi. Maji ya bomba yaache usiku kucha kwenye ndoo iliyo wazi ili klorini itoke.

Mchanga nunua ndoo moja kwa wauza mchanga wa kujengea. Usiende kuchimba mtoni wala kung'oa majani ya ukingoni: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka kingo za mito, na msitu wa juu ni Hifadhi ya Mazingira Asilia tangu 2008. Yale majani yanashika udongo wa mlima. Mchanga wa huku humeta kwa ulanga, unapendeza, lakini vumbi la ulanga huelea na kuyafanya maji kuwa kama ya ubuyu. Osha, mwaga, osha tena, hadi maji ya ndoo yawe safi.

Unapopanda, fukia mizizi tu. Kitako kikizikwa, mche huoza. Majani ya zamani yakiyeyuka siku za mwanzo, usiung'oe kwa hasira, mapya yanakuja. Taa saa saba au nane kwa siku zinatosha, na tangi lisikae dirishani, maana jua la Morogoro litakulimia mwani badala ya nyasi. Joto la mji wetu linaifaa Vallisneria bila hita.

Na hili lishike kwa mikono miwili: urea haiingii tangini, hata punje. Ikivunjika majini hutoa amonia, na amonia huua samaki, hasa maji yakiwa na pH ya juu kama haya uliyoyatengeneza kwa makome. Kinyesi cha samaki wenyewe ni mbolea ya kutosha. Perege usiwaweke humo. Watakula kinacholika na kufukua kilichobaki.

Nyasi zikikubali, zitajaa, na utalazimika kuzipunguza. Gawia mwenzio anayefuga samaki, ndiyo njia bora ya mche huu kusafiri. Kamwe usizitupe mtoni. Mto Morogoro unaingia Ngerengere, Ngerengere inaingia Ruvu, na Ruvu ndiyo inayoinywesha Dar es Salaam. Watu wa Ziwa Victoria watakueleza magugu maji, mmea wa Amerika Kusini uliopendwa kwa maua yake, yalivyowafungia mialo miaka ya 1990. Za ziada zianike juani juu ya bati hadi zikauke kabisa, ndipo uzichimbie kwenye tuta la mchicha, na maji unayoyabadilisha tangini umwagilie hapohapo.