Pikipiki Iliyochoka Kusimama

Soksi zangu bado zinanuka supu ya pweza. Zimefuliwa, zimeanikwa, zimekauka, na zinanuka. Juzi jioni pale Feri, saa ambayo nusu ya Mtwara imekuja kununua samaki na nusu nyingine imekuja kuangalia nani kanunua samaki gani, nilishusha stendi ya pembeni, nikaikanyaga kuhakikisha imeshika, nikavua kofia ngumu, nikageuka kuulizia bei ya kikombe. Nyuma yangu pikipiki ikaanza kulala.

Sisemi ilianguka. Kitu kikianguka kwa kishindo watu hushtuka, hukimbilia, hukupa pole. Hii ililala taratibu, usukani kwanza, tangi baadaye, kama mzee anayejinyoosha mkekani baada ya futari, na kila mtu akapata nafasi ya kutazama. Wa mwisho kujua nilikuwa mimi. Nilipoona macho ya watu yanahama usoni kwangu na kushuka kidogo kidogo, nikageuka, nikadaka kiti. Lakini pikipiki ya kilo mia na ushee ikishaamua kwenda chini huizuii, unaisindikiza tu. Saitimira ya kushoto ikazama kwenye sufuria la mama muuza pweza. Meza ikainama. Vikombe vya bati vikateremka kimoja kimoja, kikafuata kisahani cha chumvi, ikafuata chupa ya pilipili, halafu supu yenyewe, ya moto, ikaja miguuni kwangu. Tulipoinyanyua, mkono mzima wa pweza ulikuwa umejikunja shingoni mwa saitimira.

“Mjomba, chombo chako kina njaa!” kijana mmoja wa bodaboda akapaza sauti. Mama hakucheka. Alichomoa ule mkono, akaukagua, akaukatakata, akauweka kwenye kikombe na kunikabidhi.

“Huu ni wako, mwanangu. Sasa tuhesabu iliyomwagika.”

Usiku ule sikupata usingizi, nikawa nachora pembetatu nyuma ya daftari la mtoto. Maana siri yote iko kwenye pembetatu. Tairi la mbele linagusa ardhi mahali pamoja, la nyuma pamoja, mguu wa stendi pamoja. Unganisha hizo sehemu tatu kwa mistari na utapata eneo jembamba, refu, lililo kushoto tu. Uzito wote wa chombo, injini, tangi na mafuta yake, una kitovu chake, na kitovu hicho ukikiteremshia timazi ni lazima idondokee ndani ya ile pembetatu. Ikiinama kidogo mno, timazi inakaribia mstari wa matairi na mtoto akipita na baiskeli inakwenda kulia. Ikiinama kupita kiasi, timazi inavuka mguu wa stendi na mama wa watu anapoteza sufuria. Kati ya hatari hizo mbili kuna nyuzi chache tu za usalama, na waliotengeneza pikipiki walizipima wakiwa wamesimama juu ya sakafu ya saruji.

Wahalifu ni wengi. Wa kwanza ni tundu la bolti ya stendi. Sisi hukaa juu ya pikipiki iliyoegeshwa, tunapiga soga, tunampakia na rafiki, na uzito wote wa maongezi unabebwa na bolti moja. Tundu lililokuwa duara linarefuka. Likilegea milimita moja juu, kule chini mguu unachezacheza sentimita nzima, kwa sababu stendi ni ndefu na mahali inaposhikiliwa ni pembamba. Wa pili ni shokapu. Ukifunga ndefu zaidi ili uhimili mchanga wa Msimbati, mwili unapanda juu na mguu wa stendi unabaki na urefu wake uleule, kwa hiyo chombo kinalala zaidi. Ndiyo maana yangu, ikibeba gunia la korosho, shokapu zinabonyea na inasimama vizuri kabisa. Ikiwa tupu inalala. Nilikaa na ugunduzi huo hadi alfajiri, nimefurahi mno kwa mtu anayedaiwa hela ya pweza. Wa tatu ni mchanga wenyewe: kisigino cha stendi kina upana wa vidole viwili, kinazama. Vijana wa Msimbati hutembea na kipande cha ubao. Dunia nzima inanunua pikipiki ileile; ubao ni juu yako.

Matukio mengine nayataja kwa haki tu. Kwenye kivuko cha Msangamkuu ilimwegemea mbuzi, mbuzi akavumilia hadi ng'ambo. Mikindani ililala mbele ya Boma la Wajerumani, lile la mwaka 1895, mtalii akavipiga picha vyote viwili. Msibani Naliendele iliangusha na pikipiki za wenzangu, kilio kikasita.

Basi nikaenda kwa fundi wa kuchomelea, Magomeni. Akafumba jicho moja, akaitazama kwa nyuma. “Bushi mpya, na mguu tuurefushe kwa nondo.” Akawasha mashine, cheche zikaruka, nondo ikashika upande mmoja. Umeme ukakatika.

Hapo kicheko kilinikauka. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, huko huko Msimbati ninakozama mchangani. Mwaka 2013 watu wa mji huu waliingia barabarani kwa sababu ya bomba la kuipeleka Dar es Salaam, na wapo waliouawa. Bomba likakamilika mwaka 2015. Limelala chini ya ardhi zaidi ya kilomita 500, limenyooka, halihitaji stendi. Na mimi nimekaa juu ya tairi bovu, kwenye mji ambao gesi inaanzia, namtazama fundi aliyepandisha kinyago chake kichwani akisubiri umeme ili achomelee inchi moja ya chuma. Tuliahidiwa viwanda. Sikuomba kiwanda. Nusu saa ya umeme ingenitosha.

“Utarudi tu, kaka,” fundi akasema. “Huwa unarudi.”

Ulirudi baada ya isha. Akamalizia, akagonga ulimi wa chuma, akamwagia maji, tukaiegesha. Ikasimama wima, imejaa heshima, nikaizunguka nikiisifu. Upepo ukatoka baharini, wala si mkali. Ikaenda kulia, ekzosi chini, juu ya geti la mteja mwingine lililokuwa limepakwa rangi nyekundu jioni ileile.

Fundi akaitazama kwa jicho lake moja. “Tumezidisha kidogo. Tutakata.”

“Bei gani?”

“Kuongeza ni elfu tano. Kupunguza elfu kumi na mbili.”

Nikauliza inakuwaje kupunguza kuzidi kuongeza.

“Humo kuna na rangi ya geti.”