Mtandao Umesingiziwa Tena

Kutoka Kisii mjini hadi Nyamira, hakuna mshtakiwa anayehukumiwa upesi kama mtandao. Barua pepe zikiacha kuingia zenyewe kwenye kompyuta ya ofisi, karani hutangaza kwamba mtandao umepotea, kisha huendelea kutazama video kwenye kompyuta iyo hiyo. Ushahidi huo pekee ungetosha kumwachilia mshtakiwa. Tena, barua zikiingia pindi unapobofya kitufe cha kupokea, basi seva ni nzima na nenosiri ni sahihi. Kilichozimwa ni ratiba. Programu ya barua pepe ya Thunderbird, kwa kawaida, hukagua barua kila dakika 10, lakini ukiondoa alama kwenye kisanduku cha mpangilio huo, inaweza kunyamaza mpaka iamrishwe.

Watasema umeme hukatika na mvua za Gusii hazina huruma. Kweli, ila mvua haiingii kwenye mipangilio kuondoa alama. Wengine wataitaja Google, iliyoanza mwaka 2022 kuzuia programu zinazotumia nenosiri la kawaida pekee; lakini hapo hata kitufe kingegoma. Basi, kagueni mipangilio kabla ya kuilalamikia kampuni ya mtandao, maana jibu lake litakuja kwa barua pepe.