Namna ya Kufanya Utafiti Wilayani Bila Mganga Mkuu Kukukimbia

Fedha za mradi umepata, kibali cha taasisi ya utafiti wa tiba, NIMR, kimetoka, cha tume ya sayansi, COSTECH, nacho kimo mkobani, na gari lina mafuta. Kilichobaki ni wilaya. Wilaya ina Mganga Mkuu, na ofisi ya Mganga Mkuu ina mlango wa nyuma. Mwongozo huu ni wa mhadhiri anayetaka mlango huo usitumike siku atakapofika.

Hatua ya kwanza hufanyika kabla hujaandika hata mstari mmoja wa andiko la mradi, na kwa sababu hiyo karibu kila mtu huiruka. Panda basi, ukamsikilize Mganga Mkuu na timu yake ya afya ya halmashauri. Dodoso liache chuoni, na projekta pia. Waulize ni uamuzi gani wanalazimika kuufanya mwaka huu huku wakiwa gizani. Watakutajia friji la chanjo linalokufa kila masika, zahanati yenye muuguzi mmoja, akina mama wanaojifungulia nyumbani barabara ikikatika. Ukirudi chuoni na swali lile lile ulilokwenda nalo, hukusikiliza. Rudi stendi ukakate tiketi nyingine.

Anayedhani huku ni kupoteza muda na aangalie Morogoro Vijijini ya miaka ya 1990. Kuanzia 1992, mradi wa AMMP, uliochunguza maradhi na vifo vya watu wazima, uliunganisha Wizara ya Afya na Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza. Wadadisi wake walikwenda nyumba kwa nyumba katika maeneo ya Dar es Salaam, Hai na Morogoro, wakaketi na wafiwa na kuuliza marehemu aliugua vipi. Ilikuwa kazi nzito na ya lazima, kwani wengi walikuwa wakifia nyumbani na vifo vyao havikuandikwa hospitalini. Kisha ukaja mradi wa TEHIP, wa Wizara na shirika la IDRC la Kanada, katika wilaya mbili: Morogoro Vijijini na Rufiji. TEHIP ilizichukua takwimu za vifo na kuzigeuza kuwa michoro ambayo timu ya wilaya ingeweza kuisoma mezani, upande mmoja mzigo wa maradhi, upande wa pili bajeti.

Michoro ile iliumbua mambo. Morogoro, malaria ilikuwa ikisababisha asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyokuwa ikipotea, lakini katika bajeti ya 1996 ilitengewa asilimia 5 tu. Kifua kikuu kilichukua chini ya asilimia 4 ya mzigo huo, nacho kilikuwa na asilimia 22 ya fedha. Hakuna aliyekuwa ameiba, wala hakuna aliyekuwa mvivu. Mpango wa mwaka uliotangulia ulinakiliwa, tarakimu zikaongezwa kidogo, muhuri ukagongwa. Walipoona, waganga wa wilaya walihamisha fedha wenyewe, bila kusubiri amri. Nyongeza waliyoweza kuitumia ilikuwa wastani wa senti 80 za dola kwa kila mkazi kwa mwaka. Rufiji, vifo vya watoto wachanga vilishuka kutoka 100 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai mwaka 1999 hadi 72 mwaka 2000. Sababu za kushuka huko zilikuwa zaidi ya moja, na mtafiti makini hatazifunga zote kwenye mchoro. Lakini fedha kidogo iliyoelekezwa panapouma ilikuwa mojawapo, na mimi naamini ilikuwa na uzito mkubwa.

Fedha huhamishwa wakati mpango unapoandikwa. Kwa hiyo jifunze kalenda ya halmashauri kama unavyoijua ya mitihani. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, ila mpango wa afya huandikwa miezi mingi kabla. Matokeo yako yakifika Agosti, utapewa chai na kupigiwa makofi, na ripoti yako itakwenda masijala kuzuia dirisha lisipigwe na upepo. Peleka muhtasari mapema hata kama makala yenyewe bado inakaguliwa na jarida.

Sasa twende zahanati. Huko utavikuta vitabu vya MTUHA, mfumo wa serikali wa taarifa za afya, na anayevijaza ni yule yule anayempima mjamzito, anayechoma chanjo na anayetafuta ufunguo wa stoo ya dawa. Usimletee daftari lako la pili. Ukiona takwimu za MTUHA zina makosa, kaeni mzirekebishe pamoja, maana mradi wako utafungwa na vitabu vitabaki. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi ya namna hiyo: kwa kushirikiana na Wizara na Chuo Kikuu cha Oslo, waliziingiza takwimu za MTUHA kwenye DHIS2, programu huria ambayo toleo lake la kwanza, DHIS, lilichipuka Afrika Kusini miaka ya 1990. Waliukuta mfumo wa serikali wakauimarisha, hawakujenga wa kwao pembeni.

Semina nayo ina hesabu yake. Ukimwita hotelini kwa siku tano mganga mfawidhi asiye na wa kumshikia kazi, umeifunga zahanati yake siku tano. Posho itajwe mapema, ilingane na viwango vya serikali, na mkutano ufanyike ukumbi wa halmashauri, uishe siku ile ile.

Nawe Mganga Mkuu, acha kutoroka. Keti uweke masharti. Takwimu zinazokusanywa wilayani kwako nakala yake ibaki wilayani, zikiwa zimeondolewa majina ya watu. Afisa wako mmoja awemo tangu swali linapotungwa, na akifanya kazi ya uandishi jina lake litokee kwenye makala. Ukurasa wa shukrani haumpandishi mtu cheo. Matokeo yarudi kwa Kiswahili, kurasa mbili, na Waheshimiwa madiwani wayasikie kabla hayajasomwa Geneva. Asiyekubali haya, mwache aende na gari lake.

Na udai wanafunzi. Kila mwaka vyuo vyetu vina vijana wa shahada ya uzamili wanaotafuta mada ya tasnifu, wakati droo yako imejaa maswali: kwa nini kata moja haimalizi chanjo ya surua, kwa nini dawa za mseto za malaria zinaisha kabla ya mwezi kwisha. Yaandike kwenye ukurasa mmoja, ugonge muhuri, upeleke kwa mkuu wa idara chuoni kabla wanafunzi hawajachagua mada.