Barua ya Pongezi kwa Mganga Mfawidhi

Ndugu Mganga Mfawidhi,

YAH: PONGEZI KWA KUMKINGA MTOTO WETU NA SISI WENYEWE

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni baba wa mtoto njiti, gramu 1,300, kitanda cha dirishani. Kwenye plasta ya mguuni ameandikwa "Mtoto wa", kisha jina la mama yake. Mimi simo, na hilo limemrahisishia kazi mlinzi wako. Kila jioni huniuliza nimekuja kumwona nani, huandika jibu kwenye daftari, halafu hunijulisha kwamba muda wa kuona wagonjwa umekwisha. Mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Mimi hata benchi sijaoneshwa.

Pokea pia shukrani kwa kumlaza mke wangu wodi ya wazazi, katikati ya kina mama waliolala na watoto wao ubavuni. Kila baada ya saa 3 anashika ukuta kwa ajili ya mshono, anashuka ngazi na kikombe cha maziwa aliyokamua kwa vidole. Mara ya kwanza yalikuwa matone yasiyofunika kitako cha kikombe. Akalia. Akaambiwa asilie, maziwa yatakata. Ushauri bora kabisa: sasa anaogopa mpaka machozi yake. Mtoto akapewa mililita 2 kwa mpira wa puani, mama akaambiwa akapumzike.

Mimi napumzika nyumbani, simu kifuani. Siku hizi hata matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" wakinitumia ujumbe saa 9 usiku nawashukuru, maana si ninyi.

Ila lililonivutia zaidi ni bango la korido: mama kambeba njiti kifuani, ngozi kwa ngozi. Mmelitia kioo na kulitundika juu kabisa, mtu asije akaligusa. Njia hiyo ya kangaruu ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, kwa Dk. Edgar Rey, aliyekuwa na watoto wengi na mashine za joto chache. Uhaba huo hata sisi tunao. Mwaka 2021 ukatoka utafiti wa nchi 5, Tanzania ikiwemo: watoto wadogo waliobebwa hivyo mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri watengemae, vifo vyao vilipungua kwa asilimia 25. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza hivyo hivyo. Na kwenye utafiti huo mama aliwekewa kitanda humo humo alimo mtoto! Bila shaka watafiti hawakupitia getini kwako.

Hoja ya maambukizi naijua. Naosha mikono hadi viwiko, kwa sabuni yangu, siku ambazo bomba lina maji.

Manesi siwalaumu; usiku nesi ni mmoja na mashine zote zinalia. Yupo mmoja (simtaji, msije mkamhamisha) aliyemfungua mke wangu khanga akamlaza mtoto kifuani. Mtoto akakunja vidole kwenye ngozi, pumzi ikatulia. Mama hakuthubutu hata kukohoa. Kisha wakaja wakaguzi, mtoto akarudishwa haraka mahali pake.

Naomba kiti kimoja, cha plastiki kinatosha. Kifua ninacho, kina joto, na umeme ukikatika hakihitaji jenereta.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Baba wa kitanda cha dirishani

Nakala: Mlinzi wa zamu, getini – kwa uamuzi.